Chipu ya DNA au mizani ya maziwa: ndume wetu wachaguliwe vipi?

Hesabu za Njoro

Swali lenyewe ni hili. Kaunti ikitenga pesa za kuboresha ng'ombe wa maziwa, iwe Nakuru, Kisumu au Busia, ianze kwa kusoma DNA ya ndume wachanga, au ianze kwa kulipa watu wa kupima maziwa boma kwa boma? Mimi niko upande wa mizani, na sababu yangu ni hesabu, si uoga wa teknolojia.

Kwa asiyefuata mambo haya: mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard walionyesha kwamba ukiwa na kundi la mifugo waliopimwa mazao na kusomwa DNA, unaweza kukadiria kila alama ya DNA (mahali ambapo herufi ya DNA hutofautiana kati ya mnyama na mnyama) inaongeza au kupunguza kiasi gani. Jumlisha alama zote za ndama wa wiki moja, na umepata makadirio ya thamani yake ya urithi kabla hajaota pembe. Marekani ilianza kutoa makadirio rasmi ya namna hiyo kwa ng'ombe wa maziwa wa Holstein Januari 2009, kwa chipu, yaani kibao cha maabara, inayosoma alama kama 54,000. Ilifaulu kwa sababu Holstein ni ukoo uliosongamana, ndume wachache ndio babu wa wote. Sasa njoo Lugari umtazame huyu tunayemwita gredi. Ana Friesian, ana Ayrshire, pengine Sahiwal wa ndume wa jirani, na zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, wa nyanya yake. Kwa kiasi gani? Hakuna ajuaye.

Kanuni inayotumika kukisia usahihi ni fupi. Zidisha idadi ya ng'ombe waliopimwa kwa kiwango cha urithi wa sifa, yaani sehemu ya tofauti za mazao inayotokana na damu, si malisho. Gawanya jibu kwa jumla ya jibu hilohilo na idadi ya vipande vya jenomu (DNA yote ya mnyama) vinavyorithiwa kila kimoja peke yake. Kisha tafuta kipeuo cha pili. Chukua ng'ombe 1,000 na urithi wa 0.25. Kwa kundi la damu moja, tuseme vipande 1,000, usahihi ni 0.45, ambapo 0 ni kubahatisha na 1 ni kujua kabisa. Kwa mchanganyiko kama wetu, tuseme vipande 5,000, unashuka hadi 0.22. Ndume wa 0.22 anamzidi kidogo tu yule aliyechaguliwa kwa rangi.

AI Lugari

Mwalimu, mimi ni mtu wa AI, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija, na hesabu yako sina ugomvi nayo, ila umesahau unashindana na nini. Njia ya zamani ni kupima mabinti. Ndume anatoa mbegu akiwa na mwaka mmoja na kitu, mabinti wanazaliwa mwaka unaofuata, wanazaa wakiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu huku kwetu, halafu usubiri wamalize kukamwa. Ukijua ndume ni mzuri, miaka sita imeenda. Na hao mabinti wako kwa nani? Mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, na hakuna aliyeandika mbegu ilikuwa ya nani.

Hapo ndipo DNA inapotusaidia kuliko inavyomsaidia Mzungu. Yeye ana kitabu cha ukoo tayari, sisi hatuna. DNA yenyewe inakuambia ng'ombe wa Molo na wa Webuye ni dada kwa baba, hata kama kadi ya AI ililiwa na panya. Bila kiungo hicho huwezi kutenganisha ng'ombe mzuri na mfugaji anayelisha vizuri.

Na usahihi si ndoto. Mradi wa Dairy Genetics East Africa ulijaribu kwa krosi wa wafugaji wadogo wa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalikuwa kati ya 0.28 na 0.41, bila kitabu chochote cha ukoo. Maendeleo ya kila mwaka hupatikana kwa kugawanya maendeleo ya kizazi kimoja na muda wa kizazi hicho. Usahihi mdogo kwa ndume wa miaka miwili unaweza kushinda usahihi mkubwa kwa ndume wa miaka saba.

Daktari wa Nyando

Wote wawili mnazunguka mtego bila kuutaja. Ukiwachanganya ng'ombe wenye robo ya damu ya Ulaya na wenye asilimia 90, kitu cha kwanza kabisa ambacho kompyuta itakiona kwenye DNA ni hiyo asilimia. Wenye damu nyingi ya Ulaya hutoa maziwa mengi, tena mara nyingi wako kwa mtu mwenye nyasi za nepia, maji na chakula cha dukani. Kwa hiyo makadirio yatapendeza sana kwenye karatasi, kumbe yanachosema ni "huyu ni Friesian zaidi". Hilo hata kwa macho unaliona! Kama ni asilimia tu unataka, alama mia chache zinatosha, huhitaji 54,000.

Kazi inayofaa ni kupanga ng'ombe ndani ya kiwango kilekile cha damu. Kwa hiyo asilimia ya kila aina iingizwe kwenye modeli, yaani hesabu ya kompyuta, kama kipimo cha peke yake, na nguvu ya uchotara, ile ziada ya krosi kuupita wastani wa wazazi wake, iingizwe kando. Usipofanya hivyo, krosi wa kwanza atasifiwa kwa nguvu ambayo hataipitisha nzima kwa watoto wake. Halafu jaribu usahihi upya. Ukianguka vibaya, ujue ulichokuwa unapima tangu mwanzo.

Kosa lingine dogo lakini baya: programu nyingi zina kichujio kinachotupa alama ambazo mgawanyo wake hauko kwenye usawa wa Hardy-Weinberg, yaani mgawanyo wa jozi za herufi unaotarajiwa kundi moja likizaana bila kuchaguana. Kwa Holstein ni sawa, alama hiyo pengine imesomwa vibaya. Kwa krosi, kukosa usawa ndiyo hali ya kawaida. Ukichuja, unatupa hasa alama zinazotofautisha zebu na Friesian.

Mbegu Bungoma

Mie naongeza la chipu yenyewe. Alama za chipu ya kwanza zilitafutwa zaidi kwa ng'ombe wa asili ya Ulaya. Ukimsoma zebu wa Teso, nyingi hazibadiliki, kila mnyama ana herufi ileile, na mahali zebu wanapotofautiana kati yao chipu haina jicho.

Mfano wa karibu ni jeni ya DGAT1, kromosomu ya 14. Ina matoleo mawili: moja huongeza mafuta na kupunguza wingi wa maziwa, lingine kinyume chake. Kwa Holstein yote mawili yapo, kwa hiyo alama iliyo jirani inapata uzito mkubwa. Zebu karibu wote wana lile la mafuta. Kati ya zebu na zebu, alama hiyo haina cha kusema. Ukichukua uzito uliokadiriwa ng'ambo ukaubandika kwa ndume wetu, unampa alama za mtihani ambao hakuufanya.

Ndiyo maana sikubali mawazo ya "tununue tu mbegu zilizopimwa nje". Ndume wa Holstein waliokuwa na mabinti Uingereza na Kenya walilinganishwa, utafiti wa 2002, na uhusiano wa kijeni kati ya makadirio ya nchi hizo mbili ulikuwa 0.49, ambapo 1 ingekuwa kukubaliana kabisa. Na hao walikuwa kwenye mashamba makubwa yanayoweka kumbukumbu. Kwa mwenye ng'ombe wawili waliofungwa chini ya mwembe Ahero, joto la ziwa juu, sitarajii ufike hapo.

Mama Maziwa, Molo

Nyinyi wote mnasema "ng'ombe waliopimwa" kana kwamba kupima ni kazi rahisi. Tuongee mizani basi.

Namba inayoandikwa mara nyingi ni ile iliyofika kwa chama cha ushirika. Hiyo si maziwa ya ng'ombe, ni maziwa ya kuuzwa. Ya chai ya nyumbani yametoka, ya jioni yameuzwa kwa jirani, na ndama amenyonya chuchu moja. Boma lenye watoto wanne na boma la mjane hawatoi hesabu moja hata kama ng'ombe ni mapacha. Kipimo cha kweli ni asubuhi na jioni siku hiyohiyo, mara moja kila wiki nne, karibu mara kumi mpaka ng'ombe akauke. Andika kama ndama ananyonya, na kabla au baada ya kukamwa. Na chagua kilo au lita, usichanganye, maana lita moja ya maziwa ina kilo 1.03 hivi. Tofauti ndogo, lakini mwenzako akiandika lita Rongai na wewe kilo Elburgon, umeunda tofauti ya asilimia tatu ambayo haipo.

Na mkague namba kabla hazijaondoka kijijini. Ukiona karatasi nzima ni 5, 5, 10, 10, 5, jueni mtu alikaa chini ya mti akajaza.

Hesabu za Njoro

Asante Mama, umenipa silaha. Tuseme upimaji wa hovyo unashusha urithi kutoka 0.25 hadi 0.15. Kwa vipande vilevile 5,000, ng'ombe 5,000 waliopimwa vizuri wanakupa 0.45. Kuipata 0.45 hiyo kwa upimaji wa hovyo unahitaji ng'ombe 8,333. Yaani mizani mbovu imekulazimisha kulipia DNA ya ng'ombe 3,333 zaidi. Nani bado anasema mizani isubiri?

AI Lugari

Sijasema isubiri. Nimesema zisitenganishwe. Ukipima miaka mitatu bila kuchukua DNA, nusu ya ng'ombe hao watakuwa wameuzwa Chwele sokoni au wamechinjwa, na kumbukumbu zao zimekufa nao. Lakini nywele hazina haraka. Vuta leo, soma ukipata pesa.

Ni nywele 30 hadi 50 za usinga wa mkia, zivutwe kwa mkupuo zitoke na mizizi. Ukikata kwa makasi umechukua takataka, DNA iko kwenye kishina. Mkia uwe mkavu na usiwe na kinyesi. Bahasha iwe ya karatasi, kamwe si nailoni, kwa sababu unyevu ukifungiwa ukungu unakula mizizi. Namba ya hereni iandikwe kwenye bahasha kabla ya kuvuta, na isomwe kwa sauti na mtu wa pili. Makosa mengi hutokea hapo, si maabara. Ukikuta mama na mwana kila mmoja ana jozi ya herufi kinyume na mwenzake (mama AA, mwana BB) kwenye alama nyingi, ujue bahasha zilibadilishana.

Hesabu za Njoro

Hilo la bahasha nalikubali, karibu halina gharama. Ila sharti langu la mwisho: majaribio ya usahihi yasifanywe kwa kuchomoa ng'ombe ovyo ovyo kutoka kundi zima. Ukifanya hivyo dada mmoja anabaki kwenye data ya kufundishia kompyuta na mwingine kwenye mtihani, na ni kama kumpa mwanafunzi majibu. Ficha kizazi kizima cha mwisho, au ficha wadi nzima, kisha tabiri.

Daktari wa Nyando

Kuna wanyama ambao hamtawaona hata mkificha na kufichua vipi. Maziwa hupimwa kwa ng'ombe aliyefika kuzaa. Yule aliyekufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, akiwa na miezi minne hayumo. Kwa hiyo data yenu itasema damu nyingi ya Ulaya ni nzuri tu, kwa sababu walioshindwa wamezikwa. Karibu na Busia, mradi wa IDEAL ulifuatilia ndama 548 wa zebu tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja, na waliokuwa na mchanganyiko mkubwa wa damu ya Ulaya waliugua zaidi. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi juu ya ng'ombe Boran iliyoonyesha badiliko kwenye jeni ya FAF1B linaloendana na kustahimili ndigana. Ndume aliyechaguliwa kwa kilo za maziwa pekee anaweza kukosa hicho kabisa na cheti chake kikang'aa.

Sampuli ichukuliwe ndama akizaliwa, na tarehe ya kifo iandikwe kama kilo zinavyoandikwa.

Mama Maziwa, Molo

Kwa ndama usivute mkia, Daktari. Nywele zake ni laini, mizizi midogo, na mama amemlamba mwili mzima, mate ya mama yana DNA ya mama. Chukua kipande cha sikio pale pale hereni inapotoboa, kwa kile kifaa chenye kichupa. Na hereni iwe mbili, moja kila sikio, maana ya kwanza itabaki kwenye ua wa mikwaju kabla ya mvua ya pili.

Daktari wa Nyando

Mbili, sawa. Na kichupa cha ndama aliyekufa kisitupwe.