Gego la mwisho limelala chini ya fizi, nichague ganzi au nusukaputi?

Wadau naombeni mawazo. Gego langu linatakiwa kutolewa, dokta kasema fizi ipasuliwe na jino likatwe vipande. Kanipa nichague: ganzi tu, dawa ya kusinziza ya mshipa, au nusukaputi. Mi nikisikia ile mashine inavyolia viganja vinaloa jasho, naona bora nusukaputi nisijue kitu. Kuna aliyepitia hii?

Kiboko77: Langu lilitoka kwa ganzi tupu. Maumivu hamna, ila utasikia anasukuma anavuta, na jino likivunjika ule mlio unausikia ndani ya fuvu kabisa, hapo ndo watu wanadhani ganzi haijashika. Ukisikia makali inua mkono akuongezee. Na moyo ukidunda baada ya sindano usipaniki, mara nyingi ni adrenalini wanayochanganya ili ganzi ikae na damu isitoke sana, inatulia yenyewe.

Nesi_wa_theatre: Nusukaputi kwa gego moja mi naona ni kubwa mno, unapitishiwa mpira wa kupumulia na lazima mtaalamu wa usingizi awepo mwanzo mwisho. Kwa woga wako ulizia ya mshipa, mara nyingi ni midazolam. Hulali fofofo, ukiambiwa fungua mdomo unafungua, ila baadaye hukumbuki karibu kitu. Sasa wengi hawajui kwamba hata hapo ganzi unachomwa vilevile, maana midazolam inaondoa woga, haiondoi maumivu. Kwa kawaida hutakiwi kula masaa 6 kabla, maji matupu mwisho masaa 2, fuata atakavyokwambia dokta wako. Uwe na mtu wa kukurudisha, na gari usiguse masaa 24. Mtajie dawa zote unazomeza, na pombe pia, usimfiche.

mama_pacha: Kuna na gesi ya kucheka jamani, unaivutia puani na ikizimwa dakika chache tu akili imerudi. Ila mafua yakikubana ndo basi tena. Halafu kama kuna usaha sema mapema, sehemu iliyovimba ganzi inashika kwa shida.

Muuliza swali: Asanteni sana. Nesi, mi nakoroma hadi watu wanahama chumba, ina maana ya mshipa sipewi?

Nesi_wa_theatre: Si lazima unyimwe. Muulize unayelala naye kama huwa unakata pumzi usingizini halafu unashtuka, kama ndiyo dokta ajue kabla hajapanga dawa, maana hizo dawa zinapunguza upumuaji. Ndo maana wanakubana kile kidude kidoleni, kinapima oksijeni muda wote.