Mrejesho: Crown au Vanguard, tumeshaamua

Wakuu, niliwauliza kati ya Toyota Crown Athlete (saluni, iko chini) na Toyota Vanguard (SUV, iko juu) ipi inafaa kwa mke, watoto watatu na mama yangu aliyeko Lushoto. Asanteni sana kwa ushauri. Nimechukua Vanguard.

Moyo ulikuwa kwenye Crown, sifichi. Injini ya V6, cc 2,499, na ukifunga mlango kelele zote zinabaki nje. Nikaomba niijaribu mpaka kwangu Goba. Kwenye mtaro unaokatiza barabara yetu ya vumbi ikakwangua chini, krrr, mke wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili. Halafu siti ya nyuma: katikati sakafu imeinuka kupisha shafti ya matairi ya nyuma, mtoto wa kati akakaa magoti yamegusa kidevu.

Vanguard niliyopata ni ya viti saba, injini ya silinda nne, cc 2,362. Safu ya tatu ni ya watoto tu, na ukiikunjua buti karibu inaisha, hilo mlinionya na ni kweli. Kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto pia inalala kidogo, inabidi kwenda taratibu.

Lakini mama ana shida ya magoti. Kwenye gari letu la zamani tulikuwa tunamshusha kwa kumvuta. Jumamosi, kwenye Vanguard, alifungua mlango mwenyewe, akateremsha miguu, akasimama. Akauliza, "Tayari? Mbona sijainama?"