Mganga wa kitabu anaishiwa na matamko mapema: abadilishe fani?

Msimulizi wa Dunga:
Sisi ni watu watano, na hukutana kila Jumamosi alasiri mtaani Milimani, Kisumu, kucheza mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu uitwao Dungeons & Dragons kwa kanuni za toleo la tano, zile za 2014. Mimi ndiye msimulizi, na safari tuliyoitunga inaanzia ufuoni Dunga ikielekea Kit Mikayi, ambako tumeweka jitu chini ya mawe. Binamu yangu alichagua fani, yaani aina ya mhusika, ambayo kanuni zinaiita Wizard, nasi mezani tunaiita mganga wa kitabu, kwa kuwa matamko yake yote, yaani maneno ya uchawi, hutoka katika kitabu alichosomea. Yuko ngazi ya kwanza, hivyo ana nafasi mbili tu za kutamka. Mkutano mmoja kwa kawaida huwa na mapigano matatu au manne, naye humaliza nafasi zote mbili katika pigano la kwanza; kuanzia hapo hurusha kisu kisichompata mtu, huku mwenzake mwenye upanga akiendelea kufurahi. Sasa anataka kuhamia Warlock, yaani mfuga jini, kwa sababu amesikia kwamba huyo hurejeshewa nafasi upesi. Je, nimruhusu?

Naomba pia mnisaidie kupata jina jingine. Mama mwenye nyumba alitusikia tukibishana kuhusu nani amefuga jini, na tangu siku hiyo chai huja bila maandazi.

Kete ya Lanet:
Ndugu msimulizi, salamu kutoka Nakuru. Kabla hujamhamisha, jiulize kama kundi lako hupumzika. Kanuni zina pumziko fupi, la saa moja au zaidi katika hadithi, na pumziko refu la saa nane. Mfuga jini hurudishiwa nafasi zake zote kwa pumziko fupi, na hapo ndipo sifa yake ilipotoka. Lakini katika ngazi ya kwanza ana nafasi moja tu. Ikiwa wachezaji wako hukimbia kutoka pigano hadi pigano bila kuketi, kama maelezo yako yanavyoonyesha, binamu yako atakuwa ametoka kwenye nafasi mbili na kuingia kwenye moja, na malalamiko yatarudi yakiwa makubwa zaidi.

Jambo la pili husahaulika katika meza nyingi, hata yangu kwa miezi kadhaa. Mganga wa kitabu naye hufaidika na pumziko fupi: mara moja kwa siku, baada ya pumziko hilo, hurejesha nafasi ambazo jumla ya daraja zake (ukubwa wa tamko ambalo nafasi hubeba) haizidi nusu ya ngazi yake, na nusu hiyo hukadiriwa kwenda juu. Kwa mtu wa ngazi ya kwanza hiyo ni nafasi moja, kwa hiyo mbili zake kwa hakika ni tatu.

Kisha tazama matamko yake madogo, yale yasiyotumia nafasi yoyote. Ana haki ya matatu. Amechagua yapi?

Msimulizi wa Dunga:
Amechagua mwanga, mkono wa kichawi na ujumbe wa kunong'ona. Pumziko fupi hatujawahi kulitumia hata mara moja.

Kete ya Lanet:
Basi ugonjwa umejulikana. Hana tamko dogo hata moja la kupigania. Mruhusu abadilishe moja achukue mshale wa moto, ambao hupiga kwa dadu ya pande kumi hadi umbali wa futi 120. Pigo linalosifiwa la mfuga jini, katika ngazi hiyo, lina dadu hiyohiyo na umbali huohuo. Tofauti huanza ngazi ya pili, mfuga jini anapoweza kujumlisha nyongeza ya haiba, yaani mvuto wa mhusika, kwenye madhara ya kila pigo.

Hesabu pia hubadilika mbele ya safari, na watu huchanganya ngazi ya mhusika na daraja la tamko. Mhusika wa ngazi ya tano hafiki daraja la tano; yuko daraja la tatu. Hapo mganga wa kitabu ana nafasi 9, nne za daraja la kwanza, tatu za pili na mbili za tatu. Mfuga jini ana mbili tu, lakini zote ni za daraja la tatu, na mkipumzika mara mbili kwa siku atakuwa ametamka mara sita kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana sipendi swali la nani ana nguvu kuliko mwenzake: msimulizi mwenyewe ndiye anayeliamua, kwa kuamua siku ya hadithi ina urefu gani. Na siku hiyo si lazima iishe Jumamosi inapoisha; andikeni nafasi zilizobaki, mwendelee wiki ijayo asubuhi ileile.

Mkazi wa Kakamega:
Nakubaliana na hesabu, sikubaliani na hitimisho. Huenda binamu anavutwa na ule mkataba wenyewe wa mfuga jini, kuwa na bwana asiyeonekana anayempa nguvu na kudai malipo, na hadithi hiyo haipatikani katika kitabu cha matamko. Akihama, msimpe fani mpya juu ya alama za zamani: mganga hutegemea akili, mfuga jini haiba. Kanuni za msingi zinapatikana bure, na ndani yake mna mfano mmoja kamili wa mkataba huo.

Kuhusu jina, semeni mwenye mkataba. Litasikika kama habari za ofisini.

Msimulizi wa Dunga:
Jumamosi tulijaribu. Kundi lilipumzika saa moja chini ya mti, binamu akarejesha nafasi moja, akaitumia kwa tamko la usingizi: dadu tano za pande nane zikatoa 22, zikatosha kulaza vibwengo watatu wenye uhai wa 7 kila mmoja. Ameamua kubaki na kitabu chake, ila anataka jitu la Kit Mikayi limpe mkataba akifika huko, na sijui nitamkatalia vipi. Maandazi hayajarudi.