Ramani ilionyesha radi Ujiji, ikapiga Gombe: tuziamini vipi modeli hizi?

Mvuvi wa Kibirizi:
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina mitumbwi miwili ya dagaa hapa Ziwa Tanganyika, na tangu mvua zianze nimekuwa nikifuata kwenye simu utabiri wa modeli (programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa) yenye gridi, yaani miraba, ya kilomita 3. Juzi ilichora doa jekundu la radi juu ya Ujiji, saa nane usiku. Niliwazuia vijana, nao wakakesha ufukweni taa zimezimwa, wakati hizi ndizo siku za giza ambazo dagaa hupatikana. Ujiji halikudondoka hata tone. Radi ilipiga upande wa Gombe saa kumi alfajiri. Ramani yenye undani kiasi hicho inakoseaje?

Mwalimu wa Fizikia, Tabora:
Pole sana, ndugu yangu. Modeli hugawa anga katika miraba. Katika modeli ya dunia nzima kama GFS ya Marekani, mraba mmoja una upana wa kilomita 13 hivi, kwa hiyo wingu la radi humezwa humo ndani na kompyuta hulikisia tu kwa kanuni ya wastani. Miraba ikiwa ya kilomita 4 au chini ya hapo, kompyuta huanza kukokotoa yenyewe jinsi hewa yenye unyevu inavyopanda, mvua inavyoanguka, na ule upepo wa baridi unaotangulia mvua unavyosambaa na kuzua wingu jingine. Ndiyo maana unaona wingu lenye umbo lake kamili; lakini umbo kuwa sahihi hakumaanishi kwamba mahali nako ni sahihi. Wingu moja la radi mara nyingi huishi chini ya saa moja, na kosa dogo la unyevu lililoingia jioni huweza kulisogeza kilomita 30 kabla ya alfajiri. Gharama nayo si ndogo (watu hulisahau hili): ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, hesabu huongezeka takriban mara 8.

Binti wa Ujiji:
Shikamoo mwalimu. Je, kwa sisi wa ziwani kuna faida yoyote?

Mwalimu wa Fizikia, Tabora:
Marahaba. Ipo, tena kubwa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo ukashuka kutoka milimani pande zote mbili na kukutana ziwani, hewa ikalazimika kupanda. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50, yaani miraba minne tu ya GFS, wakati kwenye gridi ya kilomita 3 milima na ziwa huonekana. Kwa hiyo usiulize doa liko wapi; tazama kama eneo lote lina madoa mengi, na kama modeli ikirudiwa mara kadhaa kwa vianzio (vipimo vya hewa vya kuanzia hesabu) vinavyotofautiana kidogo bado inaleta radi. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zisikilizwe pia.

Mvuvi wa Kibirizi:
Nimeelewa. Basi kuwazuia vijana hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba niliwatajia Ujiji na saa nane, na sasa wananicheka.