Gitaa la hambaka litoe sauti ya Stratocaster: tukate koili, tubadili pikapu au pedali ya ikwalaiza?

Solo_Ngamiani
Wakuu, gitaa letu la solo ni Stratocaster (Strat), lenye pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, za koili moja moja; la akiba lina hambaka mbili, yaani pikapu za koili mbili mbili, mtindo wa Les Paul. Uzi ukikatika jukwaani tunahamia la akiba, na solo inazama ndani ya ridhimu. Njia ipi inasogeza sauti karibu bila kutoboa mbao? Tuko Tanga mjini.

FundiWaya
Mkuu, fungua mfuniko wa nyuma uhesabu nyaya za kila pikapu. Zikiwa nne pamoja na eathi, kata koili, yaani zima moja kati ya mbili, si kukata waya wake. Mwisho wa koili ya kwanza na mwisho wa koili ya pili huwa zimeunganishwa. Zipeleke eathi kupitia poti ya sauti (kidhibiti cha kuzungusha) yenye swichi ya kuvuta. Ukivuta, koili moja inanyamaza.

Hapa wengi wanakosea: Strat ina poti za kiloohm 250, hambaka hutumia 500. Ukiweka 250 moja kwa moja, hambaka inazidi kufifia. Acha 500, halafu upande wa pili wa swichi hiyohiyo funga rezista ya kiloohm 470, kutoka mguu wa poti unaopokea pikapu hadi eathi. Ukivuta, pikapu inaona kama 242. Usipovuta, hambaka inabaki ilivyo.

Ukikuta waya mmoja tu wenye wavu wa chuma kwa nje, usichokonoe koili. Waya wa koili una unene wa takriban milimita 0.06, ukikatika, pikapu ndiyo imekwenda.

Pwani_Gita
Naheshimu hoja ya fundi, ila nusu ya hambaka ya kiloohm 8 inabaki na 4, wakati pikapu ya Strat huwa karibu na 6. Sauti inatoka nyembamba na ndogo, na mvumo wa umeme, ambao hambaka huuzima, unarudi. Kwa jukwaani mimi nachagua pedali. Boss GE-7, pedali ya ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha masafa ya sauti), inatosha: punguza vitelezi vya hezi 200 na 400 kwa desibeli 3 au 4, ongeza 3.2k kiasi hichohicho, kisha sawazisha kwa kitelezi cha sauti. 6.4k iache, inaleta mchakacho.

Mkwakwani77
Kabla ya hayo yote, teremsheni pikapu, haina gharama. Bonyeza uzi freti ya mwisho, pima kutoka kwenye sumaku hadi chini ya uzi: anza na milimita 2.5 upande wa besi, 2 upande wa uzi mwembamba, kisha shusha nusu mzunguko wa skrubu kwa wakati. Na mlinganishe kwa kebo moja. Kebo ndefu inakula sauti za juu. Hewa yetu ya chumvi nayo inaoksidisha jeki na swichi, hivyo safisheni kwanza, msije mkailaumu pikapu.

Solo_Ngamiani
Asanteni. Na pikapu ya koili moja yenye umbo la hambaka?

FundiWaya
Hiyo ndiyo inayokaribia kuliko zote, hasa yenye sumaku za AlNiCo 5, na inaingia kwenye tundu lilelile. Lakini urefu wa uzi wa gitaa la akiba ni milimita 628 dhidi ya 648 za Strat, kwa hiyo mvuto unapungua kama asilimia 6 kwa nyuzi zilezile. Ule mlio mkavu wa Strat hautakuja wote.

Ukishafunga, washa pikapu zote mbili pamoja. Sauti ikiwa nyembamba ya puani, zimepishana, yaani mawimbi yake yanapingana: badilisha nafasi ya waya wa moto na wa eathi kwenye ile mpya, lakini wavu wa nje ubaki eathi.