Ardhi ya umma Nairobi: City Hall ni mdhamini tu, na majibu yake hayavumiliki tena

Ndugu zangu, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Kila mara wakazi wa Nairobi wanapouliza kuhusu mpango wa kubomoa mtaa wa zamani wa kanjo (baraza la jiji la zamani, ambalo sasa ni serikali ya kaunti) au kumega kipande cha bustani ya umma katikati ya jiji, jibu linalotoka City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ni lile lile: ardhi ni ya kaunti, mradi umeidhinishwa, wananchi walishirikishwa. Majibu haya yamewanyamazisha watu kwa muda mrefu mno, na hakuna hata moja linalosimama likichunguzwa.

Tuanze na hilo la kwamba ardhi ni ya kaunti. Kifungu cha 61 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya. Kifungu cha 62 kinaendelea kueleza kwamba ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali ya kaunti inashikiliwa kwa amana kwa niaba ya wakazi wake, kwamba msimamizi wake ni Tume ya Taifa ya Ardhi, na kwamba haiwezi kuuzwa wala kutumiwa vinginevyo ila kwa kufuata sheria iliyopitishwa na Bunge. Wasii aliyeachiwa mali ya mayatima hawezi kuingia mkataba na mtu baki juu ya nyumba ya marehemu, halafu watoto wakiuliza awajibu kwamba hati ziko kabatini kwake. Hata hivyo, hilo ndilo jibu ambalo wapangaji wa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, wamekuwa wakipewa.

Mitaa ninayoizungumzia mnaijua: Kaloleni, Ziwani, Bahati, Maringo, Jericho na mingineyo iliyojengwa na baraza la jiji enzi za ukoloni na katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa ajili ya wafanyakazi wa mji huu. Kuna familia ambazo zimelipa kodi humo tangu kwa babu hadi kwa mjukuu. Mwenye nyumba ni kanjo, na kazi ya kuzikarabati ni ya kanjo. Pitieni sasa muone: mabomba ya majitaka yamepasuka, uchafu unapita mbele ya mlango wa jikoni, vigogo vya dari vimeoza, na wapangaji wenyewe ndio wanaochanga kuita fundi. Baada ya miaka na miaka ya kutogusa hata msumari, serikali hiyo hiyo inajitokeza na kutangaza kwamba nyumba zimechakaa, si salama kukaliwa na watu, na kwa hiyo dawa yake ni kubomoa na kumwita mwekezaji. Uchakavu uliosababishwa na mwenye nyumba unageuzwa kuwa sababu ya kumwondoa mpangaji. Jambo hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu linafanyika hadharani na hakuna ofisa hata mmoja anayeulizwa fedha za kodi zilikwenda wapi.

Sipingi ujenzi. Jiji hili lina uhaba mkubwa wa nyumba, na ni kweli kwamba nyumba za chini zilizosambaa kwenye ekari nyingi karibu na katikati ya mji zinaweza kupisha majengo yatakayowahifadhi watu wengi zaidi. Tazameni Pangani. Pale palikuwa na nyumba 48 za zamani, na mahali pake pakapangwa nyumba zaidi ya 1,500 kwa ubia na kampuni binafsi, nyingine za bei nafuu na nyingine za kuuzwa kwa bei ya soko. Wapangaji wa zamani walilipwa shilingi 600,000 kila mmoja wakatafute pa kuishi wakati wa ujenzi, wakiahidiwa kwamba watapewa kipaumbele. Ninachouliza ni hesabu. Kiwanja kilithaminiwa kwa kiasi gani kilipoingizwa kwenye ubia? Kaunti, yaani sisi, inapata nyumba ngapi, na mbia anapata ngapi? Ni nani aliyeamua kwamba ardhi iliyokuwa ya kupangisha kwa kodi ndogo igeuzwe ya kuuza, wakati mpangaji wa kawaida wa Eastlands ni mchuuzi au kibarua asiye na hati ya mshahara ya kupeleka benki? Haya yalipaswa kuandikwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa kabla ya mpangaji wa kwanza kufunga mizigo.

Hapo ndipo linapoingia suala la kushirikishwa. Kila aliyewahi kuhudhuria kikao cha aina hiyo anajua kinavyokwenda. Tangazo linatolewa gazetini kwa Kiingereza, siku chache kabla. Ukumbini kuna mchoro mkubwa wa rangi unaoonyesha majengo marefu, miti na watoto wanaocheza, lakini hakuna nakala ya mkataba. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, kisha wanatia saini wakidhani wanathibitisha tu kwamba walifika. Maswali yanachukuliwa matano au sita kwa mkupuo na kujibiwa kwa sentensi moja. Baadaye, mambo yakifika mahakamani, karatasi ile ile inatolewa kama ushahidi kwamba wakazi waliridhia. Kufika kikaoni kumegeuzwa kukubali, na mzee aliyesimama kupinga mradi anahesabiwa miongoni mwa waliouunga mkono.

Wanaosema kwamba tunatia chumvi wakumbuke historia ya jiji hili. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na kama si Wangari Maathai kuandika barua hadi nje ya nchi na kustahimili matusi ya wabunge, leo bustani hiyo ingekuwa kivuli cha mnara. Mwaka 1991 Tume ya Jiji, iliyokuwa ikishikilia nafasi ya baraza, ilitaka kuigeuza Jeevanjee Gardens kuwa jengo la ghorofa la kuegesha magari, ingawa bustani hiyo ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwanzoni mwa karne iliyopita iwe mahali pa kupumzikia watu wote. Mjukuu wake, Zarina Patel, ndiye aliyeongoza upinzani. Mwaka 2007 mpango wa kuijenga ukafufuliwa, na watu wakalazimika kuupinga upya. Leo, saa ya chakula cha mchana, pale bado utawakuta vibarua wamejilaza kwenye nyasi, wahubiri, wapiga picha, na wale wa Bunge la Mwananchi wakijadili siasa chini ya miti, na hakuna hata mmoja wao anayetozwa senti. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 nayo ilionyesha jinsi mabaraza, ambayo yalipaswa kuilinda ardhi ya umma, yalivyoigawa kinyume cha sheria. Kwa historia hiyo, City Hall haina haki ya kukasirika inapoulizwa maswali.

Hata kujua wa kumuuliza kumekuwa kazi. Mwaka 2020 majukumu ya mipango ya jiji yalihamishiwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), taasisi iliyoundwa na serikali kuu, na mwaka uliofuata Uhuru Park ikazungushiwa mabati kwa ukarabati. NMS ikavunjwa mwaka 2022, majukumu yakarudi kaunti, na wakati wote huo mwananchi alibaki nje ya mabati.

Sasa naomba tufanye jambo moja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inailazimu ofisi ya umma kujibu ombi la taarifa ndani ya siku 21. Yeyote anayeishi katika mtaa uliotajwa kwenye mipango ya ubomoaji aandike akiomba mambo manne: mkataba wa ubia, ripoti ya tathmini ya ardhi, orodha ya wapangaji waliotambuliwa, na kumbukumbu za kikao cha wananchi pamoja na pingamizi zilizotolewa. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakisema mkataba ni siri ya biashara, dai hilo nalo litolewe kwa maandishi, kwa sababu anayekataa kutoa taarifa analazimika kueleza sababu, na sababu hiyo inaweza kupelekwa mbele ya Tume ya Haki ya Utawala ikachunguzwe. Andikeni hapa chini jina la mtaa na tarehe ya muhuri tu, bila majina wala nambari za simu za watu, nami nitaziweka pamoja katika orodha moja ili tujue ni maombi mangapi yamepita siku 21 bila jibu.