Mkizi wa hori ya Tudor, Mombasa, tumboni ana nyuzi za plastiki

Mama Zuhura, Mikindani:
Jamani, jana napasua mkizi, utumboni nikakuta vijiuzi vya buluu, kama vya nyavu zilizochakaa. Vinamdhuru vipi samaki mwenyewe?

Mvuvi wa Tudor:
Shikamoo mama. Chembe hizo, zisizofika milimita 5, samaki hudhani chakula. Tumbo linajaa, lishe hapana, anakonda. Mimi chaza ndiye hunisikitisha zaidi: hula kwa kuchuja maji, basi uchafu wote wapita mwilini mwake. Naye hawezi kuhama!

Fundi Betri:
Msisahau risasi, ile metali ya betri. Kule kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, risasi ya kiwanda cha betri kuukuu iliwatesa watu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Metali haiozi, ikifika kwenye tope la mikoko hukaa humo, na kaa hulila tope hilo. Zebaki, metali nyingine, huongezeka toka samaki mdogo hadi mkubwa anayemla: dagaa ana kidogo, papa anayo nyingi.

Mama Zuhura:
Sasa kaa niache?

Mvuvi wa Tudor:
Samaki mtoe matumbo yote. Kaa kula nyama, ile rojo ya ndani itupe, ndiko metali hujikusanya. Kuchemsha hakuiondoi, mama.